Muratina na Vigae vya Ruiru

Historia ya chakula na vinywaji kati ya Thika na Ruiru huanzia mara nyingi kwa walowezi: mibuni, mkonge, kisha mananasi ya makopo. Mwanzo huo ni wa juzi tu. Katika kilima cha Lukenya, ng'ambo ya nyanda za Athi, ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita ulikutwa na protini za maziwa, kama utafiti wa mwaka 2021 ulivyoonyesha. Huko Kakapel, magharibi mwa Kenya, kunde zilizoungua zina umri wa miaka 2,300 hivi. Kati ya ushahidi huo na mashamba ya kikoloni kuna pengo, na kinywaji kinachostahili kulichungulia ni muratina.

Wazee wanajua vyema inavyotengenezwa: asali na maji, au maji ya miwa, hutiwa kibuyuni pamoja na tunda kavu la mvungunya lenye kubeba hamira, kisha kibuyu huwekwa penye joto la moto. Jomo Kenyatta naye alieleza nafasi ya pombe katika ndoa na matambiko mwaka 1938. Atauliza mtu, basi tuchimbe nini tena? Masimulizi hutuambia desturi ilivyokuwa, lakini hayatupi tarehe ya mageuzi yake. Asili ya muwa ni New Guinea. Muratina ya miwa, basi, haiwezi kuutangulia ujio wa mmea huo nyanda za juu, ilhali nyuki walikuwapo tangu kale. Ni lini miwa ilianza kuchukua nafasi ya asali, na je, ni kwa sababu misitu ilifyekwa?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kibuyu huoza. Ni kweli, lakini chungu hakiozi, na udongo wake hunyonya mafuta. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kupata nta ya nyuki katika vigae vya Nok, Nigeria, vya miaka 3,500 iliyopita. Nta peke yake haithibitishi pombe, kwani asali huliwa pia. Ila ikipatikana pamoja na mbegu za mvungunya zilizoungua katika majivu ya boma moja, hoja hupata uzito. Kazi hiyo yafaa ifanyike sasa. Tatu City imesimama juu ya yaliyokuwa mashamba ya kahawa ya Ruiru, na mengine yanaendelea kukatwa viwanja. Jembe la mbuni lilivuruga tabaka za juu, lakini mashimo ya kale ya majivu yaliyochimbwa kwenda chini zaidi yanaweza kuwa salama hadi leo. Msingi wa ghorofa hautayaacha.