Uzuiaji wa sauti katika studio ya nyumbani

Uzuiaji wa sauti katika studio ya nyumbani ni jumla ya mbinu za ujenzi zinazopunguza sauti inayotoka au kuingia katika chumba cha kurekodia muziki. Malengo yake ni mawili: honi za bodaboda, jogoo na mvua juu ya bati zisiingie katika maikrofoni, na ngoma na besi zisiwakeshe majirani. Lengo la pili lina upande wa kisheria pia. Nchini Kenya, kwa mfano, kelele zinasimamiwa na kanuni za mazingira za mwaka 2009.

Kuzuia na kufyonza

Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Kufyonza ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba; kuzuia ni kuikatiza sauti isivuke ukuta. Kuanzia mwaka 1895 Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitumia matakia ya viti kupima jinsi mwangwi unavyofupishwa ukumbini. Matakia yalifyonza sauti, lakini hayakuwa ukuta.

Sponji inayobandikwa studio hufanya kazi hiyohiyo. Ikiwa na unene wa sentimita 5, hufyonza vizuri sauti nyembamba, lakini wimbi la besi ya Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7 na hupita kama vile hakuna kitu. Trei za mayai, zinazoonekana katika studio nyingi za mtaani, ni dhaifu zaidi, na tena hushika moto upesi.

Kuta

Kinachozuia sauti kwanza ni uzito. Kuongeza uzito wa ukuta mara mbili hupunguza sauti inayopita kwa takriban desibeli 6 tu, kwa hiyo kuongeza unene peke yake ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Njia bora ni kujenga ukuta wa pili ndani ya chumba, kwa fremu isiyogusa ukuta wa kwanza, kujaza pamba ya madini katikati na kufunika kwa mbao za jipsamu za tabaka mbili. Kuta hizo zikishikana mahali, mtetemo huvuka hapo na sehemu kubwa ya faida hupotea.

Ukuta wa matofali ya saruji usiopigwa plasta una vitundu vingi vinavyopitisha sauti. Plasta yenyewe huuboresha. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuna tatizo lingine: kuta za ndani huishia kwenye dari. Sauti hupanda juu ya dari nyepesi na kushukia chumba cha jirani, hata kama ukuta ni imara. Hapo ukuta hauna budi kuinuliwa hadi kwenye paa, au dari ifanywe nzito.

Madirisha na milango

Uwazi ukiwa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, ukuta wote hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ukijengwa kwa zege. Ndiyo maana madirisha ya luva, ambayo hayafungi kabisa, hayafai studio. Wengine huyaziba kwa matofali. Anayehitaji mwanga huongeza dirisha la pili kwa ndani, lisilofunguka, kwa kioo cha unene tofauti (kwa mfano milimita 6 na 10) ili vioo visitetemeke kwa masafa yaleyale. Nafasi kati yake iwe sentimita 10 au zaidi. Mlango uwe wa mbao nzito, wenye mpira pande zote pamoja na chini.

Hewa

Chumba kilichozibwa hivyo hupata joto haraka, na feni haiwezi kuwashwa wakati wa kurekodi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupoza hewa ileile ya ndani bila kuleta mpya. Kwa hiyo huwekwa bomba pana la hewa lenye kona kadhaa, lililotandikwa pamba ya madini kwa ndani: hewa hupita polepole, na sauti hufyonzwa njiani.