Historia ya miguu ya mbele ya gari kwenye barabara zetu, na kwa nini pikapu iliyonyanyuliwa hutetemeka

Leo ufuta naupumzisha kidogo. Msimu wa kutoa mazao shambani ukifika, magari mengi tunayokodi kupeleka magunia kwenye ghala la chama ni yale yaliyonyanyuliwa: pikapu na Land Cruiser zilizoongezwa kimo ili zipite kwenye matope na visiki. Malalamiko yake mnayajua. Usukani unatetemeka gari likifika mwendo wa 60, tairi za mbele zinalika upande mmoja, mpira wa draivu shafti unapasuka kila baada ya miezi michache. Fundi anabadilisha shokapu, mwezi unapita, ugonjwa unarudi.

Kwa maoni yangu sababu kubwa ni moja. Magari haya ni ya vizazi vitatu tofauti, nasi tunayatibu yote kwa dawa tuliyoirithi kutoka kwenye Land Rover ya zamani. Ukiijua historia ya chuma kilichopo chini ya bodi, nusu ya kazi ya kutafuta ubovu umeimaliza kabla hujashika spana.

Tuanzie nyumbani. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale pale Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilifika bandarini Lindi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Wanyama wa kubeba mizigo hawakufaa kwa sababu ya mbung'o. Yule mnyama mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin alitoka porini kwetu kwa nguvu za mababu, kipande kwa kipande. Kwa hiyo miaka mia na ushei tu iliyopita, mzigo mzito kabisa wa Lindi haukuwa na gurudumu chini yake.

Mitambo ilikuja kwa wingi na mradi wa karanga. Waingereza walianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ni watoto wa mradi ule. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta, ikiwa imepoteza pauni milioni 36 hivi. Kama bwana shamba nina mengi ya kusema juu ya watu waliolima kabla ya kuiuliza mvua, lakini hayo ni ya siku nyingine. Reli nayo ilikuja kung'olewa miaka ya 1960. Kilichobaki kwa mtu wa kusini ni barabara ya udongo, na gari lililoiweza barabara hiyo.

Gari hilo lilikuwa Land Rover, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Mbele ilikuwa na ekseli nzima, yaani bomba moja la chuma kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, limekalia springi za bapa: vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikashikwa na senta boti katikati na yuboti pande zote. Land Cruiser za zamani zilikuwa hivyo hivyo, na Hilux za kwanza za kuvuta magurudumu manne, za mwaka 1979, nazo pia. Hicho ndicho kizazi cha kwanza.

Uzuri wake ni kwamba ubovu wake hausitiriki. Bapa likivunjika unaliona. Senta boti ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari linatembea mshazari kama kaa. Bushi zikiisha unasikia mlio. Fundi wa kijijini aliweza kukata bapa kutoka kwenye lori bovu, akalifunga, safari ikaendelea. Na mwenye gari akitaka kimo zaidi, dawa ilikuwa ileile: ongeza bapa, au weka shakoli ndefu zaidi kwenye ncha ya springi. Desturi yetu ya kunyanyua magari imezaliwa hapo. Siidharau hata kidogo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu pale Somanga, kila mtu alikumbuka tena faida ya gari lenye tumbo la juu.

Lakini desturi ile ilikua katika barabara ya namna yake. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika msafiri wa Dar es Salaam hakuwa na uhakika wa siku ya kufika. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilibaki udongo miaka mingi wakati sehemu nyingine za njia hii zinawekwa lami. Gari likitembea mwendo wa 30 kwenye mchanga na makorongo, miguu ya mbele iliyopinda kidogo haisemi kitu. Matope yanaificha. Lami ilipokamilika, gari lilelile, limenyanyuliwa vilevile, likaanza kukimbia 90 likiwa na gunia 20 za ufuta na vijana wanne juu yake. Ubovu haukuletwa na lami, ila lami ndiyo iliyoufanya uue.

Mtetemeko wenyewe una historia ndefu kuliko barabara yetu. Miaka ya 1920 kule Marekani magari yalianza kuwekewa breki kwenye magurudumu ya mbele na tairi nene zenye upepo mdogo. Ekseli za mbele zikawa nzito, tairi zikawa laini, na magurudumu yakaanza kucheza kushoto na kulia kwa nguvu ya kumnyang'anya dereva usukani. Mhandisi Mwingereza Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce na kujiunga na Cadillac mwaka 1930, alikuwa miongoni mwa waliopigania kuiacha ekseli nzima. Magari ya kampuni ya General Motors ya mwaka 1934 yalitoka na miguu ya mbele inayojitegemea, kila gurudumu na mikono yake. Sasa tazama tunachokifanya sisi: tunachukua gari la ekseli nzima, tunalifunga tairi pana na nzito, tunapunguza upepo ili lipite mchangani, halafu tunaingia nalo lami. Tumeurudisha ugonjwa wa 1920 kwa mikono yetu.

Hapa inabidi nieleze jambo moja ambalo mafundi wengi wanalijua kwa mkono bila kulitaja. Angalia baiskeli kwa ubavu. Uma wa mbele haukusimama wima, umelala: juu umeelekea kwa mwendeshaji, chini umetangulia mbele. Kwa sababu ya mlalo huo unaweza kuachia mikono baiskeli ikaenda yenyewe. Gari nalo lina mlalo kama huo kwenye kingipini au boljointi zake, na ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Ukiupunguza, gari linazurura barabarani, usukani haurudi, na tairi ikigonga shimo dogo magurudumu yanaanza kucheza.

Kizazi cha pili ndicho kinachoathirika zaidi na mlalo kupotea. Hawa ni wa ekseli nzima, lakini juu ya springi za koili. Range Rover ilitangulia mwaka 1970, Land Rover 110 ikafuata 1983, na pikapu za Land Cruiser tunazoziona kila siku zilipata koili mbele mwaka 1999, nyuma zikabaki na bapa. Koili haiwezi kuishika ekseli isitembee kama bapa linavyoishika. Kwa hiyo kuna mikono miwili mirefu inayoizuia kwenda mbele na nyuma, na fimbo moja iliyokatiza inayoizuia kwenda kushoto na kulia. Ukiweka koili ndefu, mikono ile inaivuta ekseli izunguke na mlalo unapungua. Fimbo nayo inaivuta ekseli yote upande mmoja. Gari la namna hii likitetemeka, usikimbilie kununua shokapu, wala ile shokapu ndogo ya usukani. Hiyo inanyamazisha kelele tu. Anza na bushi za ile fimbo, kisha beringi za kingipini, kisha bushi za mikono. Bushi maalumu za kurudisha mlalo zipo, na nadhani anayemudu bei ya koili ndefu hana sababu ya kuziacha dukani.

Kizazi cha tatu ni miguu inayojitegemea. Toyota ilianza kuuza Hilux ya namna hiyo miaka ya katikati ya 1980, ingawa katika nchi nyingi ile ya ekseli nzima iliendelea kuuzwa zaidi ya miaka 10. Mwanzoni hazikuwa na koili mbele. Zilikuwa na fimbo ndefu ya chuma inayojisokota chini ya gari, yenye boti ya kurekebisha kimo. Hilux iliyotoka kuanzia 2004, watu wanayoiita Vigo, ikaja na koili iliyovaa shokapu katikati.

Ile boti imeharibu magari mengi. Ni rahisi mno: unaikaza, gari linapanda, huna spea ya kununua. Lakini hakuna kilichorefushwa. Mkono wa juu ulikuwa na nafasi ya kushuka gurudumu likiingia shimoni, sasa nafasi hiyo umeimaliza. Draivu shafti zinafanya kazi zikiwa zimepinda kupita kiasi, mpira unapasuka, mchanga unaingia, grisi inatoka. Boljointi zinakaa mwisho wa uwezo wake saa zote. Tairodi zinalala mshazari, na kila gari likipanda na kushuka magurudumu yanabadili uelekeo kidogo, ndiyo maana tairi inalika upande mmoja hata ukitoka kupima alaimenti jana. Kuweka vipande vya chuma juu ya koili ya Vigo kunaleta matokeo yaleyale. Zaidi ya inchi 2 mimi naona ni kujitafutia gharama, labda ubadilishe na mikono yenyewe.

Sasa kazi ya kukagua. Inahitaji watu wawili na nusu saa kivulini. Lisimamishe gari sehemu tambarare, likiwa na upepo sahihi kwenye tairi, maana upepo peke yake huweza kuleta nusu ya dalili. Magurudumu yakiwa chini, mwenzako azungushe usukani kidogo kushoto na kulia bila kuacha, nawe chungulia kila kiungo: tairodi, mkono wa usukani, ile fimbo iliyokatiza. Kiungo kinachochelewa kufuata mwenzake ndicho kilichokufa. Kwa gari la miguu inayojitegemea, tazama pia mkono wa juu na mpira wake wa kuzuia. Ikiwa gari limesimama tu na tayari vinakaribia kugusana, limenyanyuliwa kupita kiasi. Punguza kabla hujanunua chochote.

Kisha piga jeki, weka mawe magurudumu ya nyuma na gogo imara chini ya chesisi. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi, kingipini au boljointi. Mwenzako akikanyaga breki na mchezo ukapotea, ni beringi. Ukibaki, ni hivyo vingine. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo mara nyingi ni tairodi. Kwa boljointi ya chini ya Hilux kuna ujanja wake. Jeki iwekwe chini ya mkono wa chini, si chini ya chesisi, la sivyo uzito wa springi unaibana boljointi nayo inajifanya nzima. Ingiza mtaimbo chini ya tairi na uinue taratibu. Ukisikia mgongo wa chuma juu ya chuma, gari hilo lisibebe watu mpaka boljointi ibadilishwe, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena.

Kwa magari ya bapa, kagua yuboti. Bapa jipya likiongezwa, vyuma hukaa vizuri baada ya kutembea na yuboti hulegea, kwa hiyo zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Senta boti haionekani kirahisi, lakini pima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka. Pande zikitofautiana, ekseli imehama.

Wanaokodi magari kwa ajili ya vikundi, fanyeni ukaguzi huu kabla ya kukubaliana bei, mwenye gari akiwepo. Kamba na mtaimbo vinatosha.