Benchi Wazi la Kutesti Kompyuta: Vile Unaunda Yako Hapo Matiliku

Benchi wazi ni kibao tu cha kushikilia mazabodi, pawa saplai na diski bila kesi. Kila kitu kiko nje, so unabadilisha pati chap chap. Kama unarepea mashine za watu Matiliku, hii ndio inakutoa kwa kubahatisha. Ukiambia kastoma mazabodi imekufa na kumbe ni RAM chafu, ashatumia doh bure na jina lako limeharibika sokoni. Na pati ikibidi itoke Luthuli Avenue, Nairobi, hiyo ni nauli na siku imeisha.

Vitu unahitaji

Plaiwudi ya sentimita 50 kwa 40 inatosha. Mazabodi ya ATX ni 30.5 kwa 24.4, micro-ATX ni 24.4 kwa 24.4, na nafasi inayobaki inakaliwa na pawa saplai. Vimiguu vya shaba, swichi ya kuwasha na spika ndogo ya mlio, toa kwa kesi kuukuu. Ongeza maltimita.

Cheki hii: desktop nyingi za ex-UK, Dell na HP, hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24. Weka adapta yake ama tumia pawa saplai iliyokuja nayo. Usilazimishe.

Kuunda

1. Weka mazabodi juu ya plaiwudi, tia alama kwa matundu ya skurubu peke yake.
2. Toboa kwa drili ya milimita 3, kaza vimiguu. Chuma ikigusa nyuma ya mazabodi pahali si pake, inashoti.
3. Funga pawa saplai kando, feni yake isizibwe.

Kutesti

Anza na pawa saplai ikiwa peke yake. Unganisha waya ya kijani na nyeusi kwa plagi ya pini 24. Feni kuzunguka haimaanishi iko fiti, so pima: njano volti 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47.

Sasa weka prosesa, feni yake, RAM moja na ile plagi ndogo ya prosesa yenye pini 4 ama 8. Watu wengi husahau hiyo, halafu wanalaumu mazabodi. Washa.

Hakuna picha? Zima, chomoa stima, toa RAM yote, washa tena. Ikilia, mazabodi na prosesa ziko hai, so shuku RAM ama slot yake. Safisha meno yake na raba, jaribu slot ingine. Ikinyamaza kabisa, toa betri ya CR2032 dakika chache stima ikiwa imechomolewa, rudisha, jaribu tena. Bado kimya? Hapo ndio unashuku mazabodi ama prosesa, na unabadilisha moja moja na ile unajua inafanya.

Ikiwaka, acha MemTest86 ikimbie kabla urudishie mtu mashine.

Usicheze na hizi

Usifungue pawa saplai. Kapasita zake hushika chaji hata ukichomoa, na hapa stima ni volti 240. Gusa chuma iliyo na athi kabla ushike RAM. Usiwashe mazabodi ikiwa juu ya mfuko wake wa kung'aa, kwa sababu huo mfuko unaweza kupitisha stima. Ukimaliza, funika benchi na kitambaa. Vumbi ya kiangazi haina huruma.