Leseni ya udaktari kwa waliosomea nchi nyingine: njia ya kutoka Makindye hadi Delhi

Makindye ni mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala, na kwa mambo ya tiba ni tarafa yenye shughuli nyingi. Hospitali ya Nsambya, iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki mwaka 1903, iko huko. Hospitali ya Kibuli iko huko, na ile ya kimataifa ya Namuwongo vilevile. Katika barabara ya Ggaba, mtaa wa Kansanga, kuna makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala (KIU), kilichofunguliwa mwaka 2001, ambacho kimepokea wanafunzi wengi kutoka Kenya, Tanzania na nchi nyingine.

Mzazi anayefika Kansanga kuulizia udaktari aelewe jambo moja mapema. Kitivo cha tiba cha KIU hakiko Kampala. Kiko Ishaka, wilaya ya Bushenyi, zaidi ya kilomita 300 upande wa magharibi, ambako masomo hayo yalianza mwaka 2004. Jambo la pili ni zito zaidi: digrii ya udaktari si leseni. Chuo hutoa digrii, lakini ruhusa ya kumgusa mgonjwa hutolewa na baraza la madaktari la nchi ambako daktari anataka kufanya kazi, na kila baraza lina masharti yake. Familia nyingi hulijua hilo mwaka wa sita, wakati ng'ombe wameshauzwa na kiwanja kimeshakwenda.

Anayetaka kurudi India

Wahindi wa Kampala ni watu wa zamani. Wapo waliorudi baada ya kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na wapo waliokuja miaka ya karibuni kwa biashara wakiwa bado na pasipoti ya India. Hawa wa pili ndio wanaohusika zaidi na sehemu hii, pamoja na wenye kadi ya uraia wa ng'ambo wa India, inayojulikana kwa kifupi kama OCI.

Kwa sheria ya India, mtu wa makundi hayo mawili aliyepata digrii ya tiba nje hawezi kusajiliwa mpaka afaulu mtihani wa mchujo uitwao FMGE. Mtihani huo ulianza mwaka 2002. Una maswali 300 ya kuchagua jibu, yaliyogawanywa katika sehemu mbili za maswali 150, na kila sehemu hupewa dakika 150. Hufanyika kwa kompyuta katika vituo vilivyoko India, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Anayepata 150 amefaulu. Jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali wazi. Anayeshindwa anaruhusiwa kurudia.

Masharti yanasikika mepesi, lakini katika vikao vingi waliofaulu hawakufika hata robo ya waliokaa kwenye mtihani. Wengi wa watahiniwa hao walisomea Urusi, China, Ukraine, Ufilipino na nchi za Asia ya Kati, na wengine walisoma kwa lugha ambayo si ya mtihani. Mwanafunzi wa Uganda ana nafuu hapo, kwa kuwa masomo yake yote ni ya Kiingereza. Pamoja na hayo maswali yanafuata mtaala wa India, na aliyezoea malaria na upungufu wa dawa wa hospitali ya wilaya atakuta mambo ambayo hakuyasisitiza.

Tangu Septemba 2020 usimamizi umekuwa chini ya Tume ya Taifa ya Tiba ya India (NMC), iliyochukua nafasi ya baraza la zamani. Novemba 2021 tume hiyo ilitoa kanuni mpya kwa wanaosomea nje, na kanuni hizo ndizo za kusomwa kabla ya kulipa ada. Masomo yawe ya miezi isiyopungua 54, yote katika chuo kimoja, kwa Kiingereza. Baada ya hapo iwepo miezi 12 ya utarajali katika chuo hichohicho. Mhitimu awe amesajiliwa na baraza la nchi alikosomea, kwa leseni ya hadhi sawa na ile wanayopewa wenyeji. Yote yakamilike ndani ya miaka 10 tangu siku ya kuanza. Akirudi India atafanya tena miezi 12 ya utarajali wa huko. Aidha, tangu mwaka 2018 raia wa India anayekwenda kusomea tiba nje hutakiwa awe amefaulu kwanza NEET, mtihani wa kuingilia vyuo vya tiba vya India.

Kwa upande wa miezi 54 Uganda haina shida, maana digrii ya udaktari huchukua miaka mitano. Tatizo liko kwenye utarajali. Uganda haimwachi mhitimu abaki chuoni kwake: madaktari tarajali hupangiwa hospitali mbalimbali nchini, na aliyesoma Ishaka anaweza kujikuta Nsambya, Gulu au Mbale. Kanuni ya India inasema chuo hichohicho. Mwenye nia ya kurudi India anashauriwa kuiuliza tume kwa maandishi mapema na kuhifadhi jibu, badala ya kutegemea neno la wakala wa mjini. Kuna pia suala la muda. Mwaka 2023 wahitimu wa Uganda walikaa miezi wakisubiri kupangiwa vituo kwa sababu ya fedha, na miezi kama hiyo huhesabiwa ndani ya ile miaka 10.

Sheria ya India ya mwaka 2019 inataka uwepo mtihani mmoja, NExT, kwa waliosomea ndani na nje pamoja. Ulitangazwa, kisha mwaka 2023 ukaahirishwa.

Anayerudi Uganda kutoka India

Safari ya upande wa pili ni ya kawaida zaidi. Waganda wengi, Waafrika na wenye asili ya Asia, husomea tiba India, ambako masomo huchukua miaka minne na nusu na kufuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali wa lazima. Anaporudi hukutana na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Waliosomea nje ya Afrika Mashariki hufanyiwa mtihani na baraza hilo. Vyeti vya sekondari vya kigeni hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, na digrii hupelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Baada ya usajili kamili bado kuna leseni ya mwaka. Hii hulipiwa na kuhuishwa kila mwaka, na aliyesajiliwa bila kuihuisha hana ruhusa ya kutibu.

Ndani ya Jumuiya

Kwa Mkenya au Mtanzania aliyesomea Uganda mambo ni tofauti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kifungu cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma. Madaktari walikuwa mbele ya taaluma nyingi katika hili. Mabaraza ya nchi wanachama hukagua kwa pamoja vyuo vya tiba vya ukanda huu, na mhitimu wa chuo kilichopita ukaguzi hutendewa tofauti na yule aliyetoka mbali.

Jambo hilo lina asili yake. Kuanzia mwaka 1924, Makerere ndiyo iliyofundisha madaktari wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Dar es Salaam ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Kabla ya hapo daktari wa Nyeri na wa Moshi waliweza kuwa wamekaa dawati moja Mulago.

Neno la kushika ni chuo kilichopita ukaguzi. Orodha hubadilika, na chuo chenye idhini ya kufundisha katika nchi yake kinaweza kuwa na dosari machoni mwa wakaguzi wa Jumuiya: walimu wachache, vitanda vichache, wanafunzi wengi kupita kiasi. Tangazo la redio halitoshi. Mzazi wa Kenya aulize Baraza la Madaktari la Nairobi (KMPDC, jina la tangu 2019), na wa Tanzania Bara aulize Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo hutahini waliosomea nje kabla ya utarajali. Mtanzania apitie pia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), inayotoa hati ya kutokuwa na pingamizi kabla mwanafunzi hajasafiri. Zanzibar ina baraza lake, hivyo leseni ya Dar es Salaam haivuki bahari yenyewe.

Wakongo wa Katwe

Katwe na Nsambya, ndani ya tarafa hiyohiyo ya Makindye, wanaishi Wakongo wengi, na Kiswahili cha Bukavu na Goma husikika huko kila siku. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Uanachama huo haukumgeuza daktari wa Kongo kuwa daktari wa Uganda kwa usiku mmoja: vyeti vyake ni vya Kifaransa na huhitaji tafsiri iliyothibitishwa, na kazi ya hospitali hufanyika kwa Kiingereza. Kwa aliyekimbia vita na kuacha vyeti nyuma ni vigumu zaidi, maana baraza hutaka pia uthibitisho kutoka kwa wasimamizi wa taaluma wa nchi alikotoka, na chuo kilicho kwenye eneo la mapigano huenda hakijibu barua.

Mwenye zahanati anayetaka kuajiri daktari wa kigeni, awe Mhindi au Mkongo, aangalie vitu vitatu kabla ya kuandika mkataba: jina lipo kwenye daftari la baraza, leseni ni ya mwaka huu, na kibali cha kazi cha uhamiaji kimetoka. Zahanati yenyewe huwa na leseni yake, na hiyo haimfuniki daktari asiye na yake. Jina kwenye pasipoti, digrii na cheti cha sekondari lilingane herufi kwa herufi. Tofauti ikiwepo, kiapo cha mwanasheria kiandaliwe mapema, kwa sababu faili hurudishwa kwa kosa dogo kama hilo na foleni huanza upya.