Plagi Safi, Hewa Chafu

Tuseme umerithi gari la zamani, Peugeot 404 ya babu. Fundi anachomoa plagi, anaigeuza mwangani, na kabla hajashika bisibisi ameshajua hali ya injini. Nyeusi yenye masizi? Kabureta inamwaga petroli nyingi mno. Nyeupe kama chokaa? Petroli ni chache, joto limezidi. Rangi ya chai ya maziwa? Hapo sawa. Anachotafuta ni uwiano: ili petroli iungue yote, kilo 1 inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Ndiyo maana anazungusha skrubu ya kabureta kidogo, anasikiliza, anairudisha.

Ila kuna uchafu mmoja ambao skrubu haikuweza kuuondoa, na jinsi ulivyoondolewa ndiyo hadithi yetu leo.

Turudi 1921. Tatizo la wahandisi lilikuwa injini kugonga: mchanganyiko uliobanwa ndani ya silinda unalipuka wenyewe kabla moto ulioanzia kwenye plagi haujaufikia. Ukitaka nguvu, bana zaidi. Ukibana zaidi, inagonga. Tarehe 9 Desemba, katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Marekani, Thomas Midgley na wenzake walijaribu tetraethili ya risasi. Risasi hapa ni ile metali, si ya bunduki. Waliweka kidogo tu, na injini ikaacha kugonga.

Lakini risasi ikaanza kuganda kwenye plagi na valvu, na cheche zikawa za kubahatisha. Dawa yake? Wakaongeza kemikali yenye bromini, inayoshikana na risasi na kuitoa nje pamoja na moshi. Plagi zikabaki safi.

Hebu tulia hapo kidogo. Risasi haikuteketea, ilihamishwa tu. Ilitoka kwenye plagi ikaenda hewani, kwenye udongo wa kando ya barabara, na mwishowe kwenye damu ya watoto, ambako huharibu ukuaji wa ubongo.

Je, hawakujua? Walijua. Kwamba risasi ni sumu lilikuwa jambo la kale. Midgley mwenyewe alikuwa ameshaugua kwa ajili yake. Oktoba 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kuvuta mvuke wa kemikali hiyo. Mwezi uleule Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akainawa mikononi na kuinusa, kuonyesha eti haina neno. Madukani iliitwa Ethyl. Neno risasi halikuwemo kwenye jina.

Aliyewabana baadaye hakuwa mtu wa magari. Clair Patterson alikuwa akipima umri wa Dunia kwa kutumia risasi iliyomo kwenye vimondo, na kila mara vipimo vilichafuliwa na risasi ya nje. Mwaka 1965 aliandika kwamba miili ya watu ilikuwa na risasi nyingi kupita kiwango cha asili. Viwanda vilimpinga vikali, lakini nchi zikaanza kuiacha moja moja. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Agosti 2021, UNEP, yenye makao yake Nairobi, ikatangaza kuwa Algeria, nchi ya mwisho, imeacha kuiuza.

Sasa, 404 yako ilitengenezwa enzi za petroli ya risasi, na risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu visilike. Kwa hiyo, baada ya kabureta na plagi, muulize fundi kama viti hivyo vimeshabadilishwa kuwa vya chuma kigumu. Ni gharama, ndiyo. Lakini gharama hiyo angalau inalipwa na mwenye gari. Kwa miaka mingi ililipwa na mtoto aliyekuwa akicheza kando ya barabara, na plagi ya gari lililopita ilikuwa safi kabisa.