Charlotte Brontë, shabiki wa Wellington

Juni 1826, mchungaji Patrick Brontë alirudi Haworth, kijiji cha vilimani kaskazini mwa Uingereza, akitokea Leeds. Mkononi alikuwa na boksi la askari 12 wa mbao, zawadi kwa mwanawe Branwell. Kulipokucha, mtoto akakimbilia chumbani kwa dada zake na boksi lake. Charlotte, aliyekuwa na miaka 10, akaruka kutoka kitandani, akamnyakua askari mrefu kuliko wote na kutangaza: huyu wangu, na ni Duke wa Wellington. Branwell naye akachukua wake, akamwita Bonaparte. Emily na Anne, wadogo, hawakukosa wa kwao.

Nyumba ile ilikuwa imezoea msiba. Mama alikuwa amefariki 1821, na dada wawili wakubwa wakamfuata 1825. Watoto wanne waliobaki walikuwa na baba, mama mkubwa na vitu vya kusoma. Baba hakuwachagulia. Walisoma magazeti ya siasa, wakasoma jarida la Blackwood's la kuazima, wakamsoma Walter Scott, na Byron ambaye wazazi wengi wa zama zile wasingemruhusu mezani. Walisoma pia Alfu Lela Ulela, ndiyo maana katika mchezo wao wenyewe walikuwa majini wanne wakuu: askari akiuawa leo, jini anamfufua kesho na hadithi inaendelea.

Wellington hakuwa mtu wa kale. Alikuwa hai, mshindi wa Waterloo, na 1828 akawa Waziri Mkuu. Charlotte alimshabikia kama vijana wetu wanavyoshabikia Simba na Yanga: hasikii la mtu. Leo tungeziita alizoandika hadithi za mashabiki.

Ajabu ni mahali walipowapeleka askari wao: Afrika Magharibi. Majina waliyatoa kwenye kitabu cha jiografia, na habari za Waashanti zilikuwa mpya, kwani mwaka 1824 gavana wa Kiingereza, Charles MacCarthy, aliuawa vitani nao. Watoto wakajenga huko jiji lao la vioo, wakamfanya Mwashanti kuwa adui. Msomaji wa Afrika hawezi kupita hapo bila kuguna. Bara zima likawa uwanja wa kuchezea wa watoto ambao hawakuwahi kulikanyaga.

Hadithi hizo waliziandika kwenye vitabu vidogo walivyotengeneza wenyewe. Chukua kimoja. Kiweke kiganjani: milimita 35 kwa 61, kidogo kuliko kiberiti kikubwa. Karatasi imekatwa, pengine kutoka kwenye mifuko ya sukari na vifungashio vingine, ikakunjwa na kushonwa kwa sindano na uzi. Herufi ni ndogo kama sisimizi, zimeandikwa kuiga chapa. Kuna jalada, yaliyomo, hata matangazo ya biashara, kama Blackwood's. Wasomaji waliokusudiwa ni askari wa mbao, kwa hiyo sharti kitabu kiwatoshe mikononi.

Baadaye Charlotte alimwacha Wellington mwenyewe akawageukia wanawe, Arthur na Charles. Arthur wa kweli angeshangaa: Charlotte alimgeuza Zamorna, mtawala wa nchi ya kubuni ya Angria, mzuri wa sura, mkatili kwa wanawake, Byron mtupu. Charles akawa msimulizi mwenye ulimi mkali anayemsengenya kaka yake. Jina lilikuwa la kuazima, mtu alikuwa wa Charlotte.

Alipokuwa mwalimu kwenye shule ya Roe Head, Angria ilimfuata darasani. Aliandika akiwa amefumba macho, mistari ikienda upande. Siku moja, katikati ya maono hayo, mwanafunzi akamjia na somo lake. Charlotte aliandika kwamba nusura atapike. Mwaka 1837 mshairi Robert Southey alimjibu kwa barua kwamba uandishi si kazi ya kumfaa mwanamke maishani. Charlotte akamshukuru kwa adabu, akaendelea kuandika.

Mwaka 1839 hivi aliiaga Angria kwa maandishi, akisema anataka kupumzika na nchi ile ya joto kali. Wadogo zake hawakuacha: 1845, Emily na Anne, watu wazima, walisafiri hadi York wakiigiza njia nzima wahusika wa nchi yao ya kubuni, Gondal. Riwaya ya Charlotte, Jane Eyre, ilitoka 1847. Anayemjua Zamorna hapati taabu kumtambua Rochester, bwana yule mwenye kiburi na siri darini. Ninavyoona mimi, bila miaka 13 ya kuazima mashujaa wa watu, Rochester asingezaliwa.

Mwaka 2022 kitabu kimoja cha Charlotte chenye mashairi 10, alichokiandika 1829 akiwa na miaka 13, kilinunuliwa kwa dola milioni 1.25 ili kirudishwe Haworth. Ukubwa wake unakaribia karata. Kwenye jina la kitabu, neno moja amelikosea herufi, na hakuna aliyelisahihisha.