Kutoka Kenda Hadi Tisa

Wahakiki tumezoea kumwanza mshairi. Mimi namwanza mtoto. Mwaka 1990, Karen Wynn wa Marekani alionyesha kuwa mtoto huweza kukariri moja, mbili, tatu vizuri tu, kumbe hajui tatu ni ngapi. Maana huja polepole, namba moja moja.

Sasa tutazame kwetu. Mtoto wa Tukuyu, Mbeya, husikia Kinyakyusa: abana babili, abana batatu. Idadi imevaa kiambishi cha watoto wenyewe. Kihehe cha Iringa nacho hupatanisha hivyo. Kiswahili, kilichofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, humpa wawili, watatu, mpaka watano. Kisha sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabuni, hazipatani na chochote. Hapo sarufi haimshiki tena mkono, inabaki kukariri. Mtandatu na kenda tulikuwa nazo: kenda imenusurika kwenye methali, kenda karibu na kumi.

Basi hoja yangu ni hii: mwalimu anayempima mtoto kwa kukariri tu anapima ulimi, siyo akili. Kabla ya kusema eti “huyu hesabu hapandi,” amwambie kwanza, kwa lugha ya nyumbani: nipe mahindi matatu.